Kichocho na Desturi za Mtoni

Huko Unguja maradhi ya kukojoa damu huitwa kichocho. Katika Mji Mkongwe ni haba, maana maji ya mfereji yaliletwa mjini tangu zamani za Seyyid Barghash (1870–1888). Na upande wa Makunduchi, penye mawe matupu, hakuna mito. Maradhi hukaa mashamba ya kaskazini na ya kati, penye vijito.

Huko wavulana huogelea, na wanawake hufua wakisimama majini. Tena Mwislamu akienda haja ndogo hujitoharisha kwa maji. Aliye mbali na nyumba hukaribia kijito. Mkojo wa mgonjwa ukiingia, mayai huanguliwa, vijidudu humwingia konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mwingine. Basi twakosea sana sisi walimu tukiwakemea watoto kuwa ni wachafu, kwani ni usafi wenyewe uwapelekao penye hatari.

Kati ya 2012 na 2017 watu waligawiwa dawa; katika baadhi ya shehia konokono waliuawa, na kwingine yalijengwa makaro ya kufulia na mahali pa haja ndogo. Dawa peke yake huponya, lakini haimkingi mtoto arudipo mtoni.