Darasa Juu ya Kenchi: Useremala na Vikosi vya Wanafunzi Wajenzi katika Bonde la Kilombero

Katika Bonde la Kilombero, kama katika sehemu nyingi za Tanzania, kijana anayetaka kuwa seremala huwa na njia mbili mbele yake. Njia ya kwanza ni chuo, ambako husimama mbele ya meza ya karakana akijifunza kupiga randa, kukata ulimi wa mbao na kuuingiza katika tundu lake, na mwisho wa muhula hutoa stuli au fremu ndogo ya dirisha ambayo mwalimu huipima na kuipa alama. Njia ya pili ni fundi wa mtaani, ambaye humpokea kijana bila karatasi yoyote, humtuma maji na misumari kwa miezi kadhaa, kisha humwachia msumeno kidogo kidogo kadiri anavyomwamini. Ipo njia ya tatu ambayo inastahili kuzingatiwa zaidi kuliko inavyozingatiwa sasa, nayo ni ya kikosi cha wanafunzi kukabidhiwa nyumba nzima, itakayokaliwa na watu halisi, na kuijenga chini ya usimamizi wa mwalimu ambaye mwenyewe ni fundi, tangu kupima kiwanja hadi kufunga bawaba ya mlango wa mwisho. Hoja ya makala haya ni kwamba nyumba hufundisha jambo ambalo meza ya karakana haiwezi kulifundisha, yaani jinsi kosa dogo la mtu mmoja linavyosafiri hadi kwenye kazi ya mwenzake.

Mazingira ya Ifakara yenyewe yanaipa hoja hiyo uzito. Mji huu upo kwenye tambarare pana iliyozungukwa na milima ya Udzungwa upande mmoja na nyanda za juu za Mahenge upande mwingine, na mto Kilombero, pamoja na vijito vingi vinavyouingia, hufurika wakati wa masika na kuigeuza sehemu kubwa ya bonde kuwa maji na mashamba ya mpunga. Ardhioevu hiyo ilitambuliwa kimataifa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar, ambao ni makubaliano ya mataifa ya kuhifadhi maeneo oevu. Kwa seremala, maana yake ni kwamba mbao huvimba miezi ya mvua na kusinyaa miezi ya kiangazi, na mchwa hawapumziki. Nyumba ya zamani ya bondeni, yenye kuta za fito na udongo na paa la nyasi, ilistahimili mabadiliko hayo kwa kuwa kila kiungo chake kilifungwa kwa kamba na kiliweza kulegea kidogo bila kuvunjika. Nyumba ya sasa ya matofali ya kuchoma na mabati haina ulegevu huo: ukuta ukipinda sentimita tatu, paa litaonyesha, na mbao ikisinyaa, bati litaanza kuvuja pale msumari ulipolegea.

Mbao zenyewe ni somo kubwa. Misitu ya asili ya bonde na milima yake ilijulikana kwa mninga, mvule na mkangazi, miti ambayo mafundi wazee bado huizungumzia kwa heshima, lakini ambayo imepungua sana na ambayo uvunaji wake unahitaji kibali. Tangu mwaka 1992 kampuni ya Kilombero Valley Teak imekuwa ikipanda mitiki, ambayo watu wa pwani huiita misaji, katika maeneo ya Kilombero na Ulanga; mti huu wenye asili ya Asia una mafuta ndani ya kiini chake yanayoufanya usipendwe na mchwa, ingawa ule ubao mweupe wa pembeni, uliokuwa karibu na ganda, hauna kinga hiyo na huliwa kama mbao nyingine yoyote. Sehemu kubwa ya mitiki huuzwa nje ya nchi, kwa hiyo paa la nyumba ya kawaida Ifakara hujengwa kwa paini, nyingi ikitoka mashamba ya nyanda za juu kama Sao Hill huko Mufindi, mbao laini na ya bei nafuu ambayo lazima ipakwe dawa kabla ya kupandishwa. Mwanafunzi wa karakana huletewa ubao uliokwisha kuchaguliwa. Mwanafunzi wa saiti, yaani eneo la ujenzi, hulazimika kuufuata sokoni, kuutazama kwa urefu wake kama mtu anayelenga shabaha ili kuona kama umepinda, na kuukataa mbele ya muuzaji.

Wazo la kujifunza kwa kujenga si geni katika nchi hii. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi, waliofika nchini mwaka 1921 na kufanya kazi katika maeneo ya Mahenge na Ifakara, walijenga makanisa, shule na hospitali kwa mikono ya vijana waliojifunzia kazi hapo hapo. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliodai kwamba shule iwe pia mahali pa uzalishaji, na mwaka 1975 vikaanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Sweden, nchi ambayo vyuo vyake vya watu wazima vilichukuliwa kuwa mfano. Ifakara ina chuo cha aina hiyo, na useremala na uashi ni miongoni mwa fani za asili za vyuo hivi nchini kote. Inafaa kutaja kwamba mwaka huo huo wa 1967, bila uhusiano wowote na Arusha au Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani kilianza kuwataka wanafunzi wake wa usanifu majengo wajenge kwa mikono yao jengo halisi katika mwaka wa kwanza wa masomo, desturi inayoendelea hadi leo.

Mfano ulio karibu zaidi na mahitaji ya Kilombero, hata hivyo, uko Botswana. Katika mji wa Serowe, Patrick van Rensburg, aliyekuwa ameacha kazi ya kibalozi ya serikali ya makaburu, alifungua shule ya Swaneng Hill mwaka 1963, na mwaka 1965 akaanzisha kikosi cha wajenzi kwa ajili ya vijana waliomaliza shule ya msingi na kukosa nafasi ya kuendelea. Vijana hao walijifunza ujenzi kwa kujenga, na malipo ya kazi zao yalisaidia kugharimia mafunzo. Mpango huo ulienea na kuingiza fani nyingine, lakini tangu mwanzo ulibeba mvutano ambao kila chuo cha Tanzania kinachotaka kuiga lazima kiukabili: mteja anayelipa hutaka nyumba yake imalizike haraka, na njia ya haraka ni kumwacha anayejua tayari afanye kazi, huku asiyejua akibeba matofali.

Faida ya njia hii inaonekana vizuri zaidi mtu akiisogelea kazi yenyewe. Siku ya kwanza kikosi hupima msingi, na hapo wanafunzi hukutana na kanuni ya tatu, nne, tano: wakipima mita 3 kwenye uzi mmoja kutoka kwenye kona na mita 4 kwenye uzi wa pili, umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa mita 5 kamili, basi kona ni ya mraba. Wengi walikwisha kuisoma kanuni hiyo darasani kwa jina la Pythagoras na kuisahau. Saiti huirudisha, kwa sababu kona ambayo haikukaa sawa chini haitajificha. Itapanda na ukuta kozi kwa kozi, yaani mstari kwa mstari wa matofali, hadi itakapowasubiri maseremala juu.

Kazi ya kupaua ndiyo kilele cha mafunzo. Kenchi, yaani fremu ya pembetatu inayobeba paa, hutengenezwa chini kwa mbao za mbili kwa nne kisha hupandishwa. Tuchukue nyumba yenye upana wa mita 6, ambayo nusu yake ni mita 3, na mwinuko wa paa uwe mita 1.25. Rafta, ile mbao ya mlalo wa mteremko inayotoka ukutani hadi kileleni, itakuwa na urefu wa mita 3.25. Lakini paa la Kilombero haliwezi kuishia ukutani, kwa kuwa mvua ya masika hupiga kwa ubavu na kuumomonyoa ukuta wa matofali usiopigwa plasta. Upenu wa sentimita 60 unahitajika, na kwa mteremko huo unaongeza sentimita 65 kwenye rafta, ambayo sasa inafikia mita 3.90. Mbao za paini zinazopatikana kwa urahisi zina urefu wa futi 12, yaani mita 3.66. Hapo mwanafunzi hugundua kwamba hesabu yake ni sahihi na mbao yake ni fupi. Akipunguza upenu hadi sentimita 37, mbao itatosha lakini ukuta utalowa. Akipunguza mwinuko, atapata sentimita chache tu na bati litachelewa kumwaga maji. Akiunga rafta, lazima ajue mahali pa kuunga, ambapo ni karibu na nguzo ya ndani ya kenchi, kwa vipande vya kushikilia pande zote mbili, na si katikati ya nafasi iliyo wazi ambako uzito wa bati na nguvu ya upepo vitaikunja. Hakuna jibu moja lililo sahihi kila mahali, na ni lazima wanafunzi wabishane, wachore chini kwa chaki, kisha waamue kabla jua halijawa kali.

Baada ya kenchi kusimama hufuata papi, zile mbao nyembamba zinazopita juu ya rafta ili bati lipate pa kupigiliwa, na hapa hudhihirika kama kenchi zote zimelingana, kwa sababu uzi unaofungwa kutoka kenchi ya kwanza hadi ya mwisho lazima uguse vilele vyote. Iliyo chini kwa sentimita mbili itaacha bonde dogo kwenye paa, na aliyeitengeneza anajulikana. Hakuna haja ya mwalimu kumkemea, kwani mwenzake aliyeshika nyundo juu amekwisha kumwita.

Milango na madirisha huleta somo la subira, ambalo vyuo vingi huliruka. Fremu iliyotengenezwa kwa mbao mbichi na kujengewa ukutani wakati wa mvua itasinyaa ifikapo Septemba, na ufa utabaki kati ya mbao na tofali. Kikosi kinachomaliza nyumba yake wakati huo wa mvua na kuondoka hakitauona ufa huo. Kwa sababu hiyo kikosi kinapaswa kurudi baada ya msimu mmoja kukagua na kurekebisha, na kazi hiyo ya kurudi ihesabiwe kuwa sehemu ya kozi, hata kama hakuna fedha mpya ndani yake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo linamfanya seremala wa Ifakara awe na dhamana kubwa kuliko seremala wa mahali pengine, nalo ni malaria. Mji huu ni makao ya Taasisi ya Afya Ifakara, iliyochipuka kutoka kwenye maabara ndogo ya Waswisi ya miaka ya 1950, na vijiji vya bonde vimechunguzwa kwa karibu sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikadiria kwamba mtu mmoja katika kijiji cha Namawala angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Vyandarua vimebadili hali hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini tafiti zimeonyesha tena na tena kwamba mbu wengi wa malaria huingia ndani kupitia uwazi ulio kati ya kichwa cha ukuta na paa, chini ya upenu. Uwazi huo ni kazi ya seremala. Ndiye anayeamua kama ukuta utapandishwa hadi kugusa bati, kama nafasi itazibwa kwa wavu ili hewa ipite na mbu wasipite, au kama itaachwa wazi kwa sababu bajeti imeisha. Kuziba kabisa bila kufikiria joto la bondeni hufanya chumba kisilalike, na watu wasioweza kulala ndani hutoka nje wanakoumwa zaidi. Kwa hiyo wavu wa upenuni, dirisha linalofungika vizuri na mlango usioacha nafasi chini vingefaa kuingia katika mtaala wa useremala wa bonde hili kama mada yenye uzito sawa na kuunga mbao, na hakuna mahali pa kuvifundisha isipokuwa kwenye nyumba halisi.

Njia hii ina masharti, na kuyapuuza kunaiharibu kabisa. La kwanza ni kwamba mwanafunzi aione nyumba yote. Kumpeleka kijana saiti kwa wiki mbili za kuchanganya zege na kumrudisha chuoni ni kumtumia kama kibarua, na uchungu wa vijana waliofanyiwa hivyo ni wa haki. La pili ni kubadilishana nafasi, ili aliyekata rafta leo apigilie papi kesho na asimamie hesabu ya misumari siku inayofuata. Wasichana, ambao katika vikosi vingi hujikuta wakipewa kupaka rangi na kupika, wapande juu ya ukuta kama wengine. La tatu ni mkataba ulio wazi na mwenye nyumba kwamba kazi itachukua muda mrefu kuliko ya fundi wa kawaida, kwamba chuo kitagharimia mbao zitakazokatwa vibaya, na kwamba jukwaa la kusimamia na ngazi havitabanwa kwa sababu ya gharama, kwani mwanafunzi aliyeanguka hawezi kufidiwa kwa bei nafuu ya nyumba.

Fundi wa mtaani naye ana nafasi yake hapa. VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi aliyejifunza kazini hupimwa na kupewa cheti bila kukaa darasani miaka miwili. Nyumba ya kikosi inaweza kuwakutanisha wote wawili: fundi mzoefu akaja kama msaidizi wa mwalimu, akalipwa kwa kufundisha yale ambayo hayamo katika kitabu chochote, na papo hapo akafanya kazi ambayo mtahini ataitumia kumpima. Kwa mtahini huyo, jengo lililosimama ni ushahidi bora kuliko stuli. Anaweza kupanda ngazi, kuweka pima maji juu ya papi, kufungua na kufunga kila mlango, kisha kumwita fundi na mwanafunzi kila mmoja kwa wakati wake na kuwauliza kwa nini rafta imeungwa pale ilipoungwa.