Mnara wa Limete

Mutu anayetoka uwanja wa ndege wa Ndjili kuingia Kinshasa anaona mnara wa beto, urefu wake unapita metre 200. Ni Échangeur ya Limete, ilijengwa wakati wa Mobutu. Wengi wanapiga foto na kupita. Lakini inafaa kusimama, kwa maana pale kuna sanamu ya Patrice Lumumba.

Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17-1-1961, kisha mwili wake ukayeyushwa na asidi, ili asiwe na kaburi. Jino lake moja lilichukuliwa mpaka Ubeleji. Mwezi wa 6, 2022, lilirudishwa kwa watoto wake, na tarehe 30 likazikwa pale pale.

Basi mgeni akiuliza ku Kinshasa kuna nini ya kutazama, mumpeleke kwanza Limete: kaburi waliyokataza, iko.