Upungufu wa Shule na Walimu Mbali na Mji

Chuo cha Ualimu Butimba kipo jirani na Mkuyuni, ndani ya Jiji la Mwanza. Hata hivyo, mwalimu akishafuzu, kumfikisha Ukara au Kome ni kazi nyingine, na kumfanya abaki huko ni kazi kubwa zaidi. Yafaa makatibu wa vyama vya msingi walielewe jambo hili, kwa kuwa sehemu ya mzigo wake huwaangukia wanachama.

Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, katika ufuko wa mashariki wa ziwa hili hili, ikaamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe ameandikishwa. Mpango wa awali ulikuwa umeweka lengo hilo mwaka 1989. Ada ya shule za msingi ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka 1973. Walimu, basi, wangetoka wapi? Vyuo visingeweza kuwatoa kwa kasi hiyo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafunza huko huko vijijini: walifundisha sehemu moja ya siku, na sehemu nyingine walijifunza ualimu kwa msaada wa wakufunzi, masomo ya posta na redio. Zaidi ya 35,000 walifuzu kwa njia hiyo, na wanakijiji wakafyatua matofali ya madarasa.

Wengi waliwabeza walimu hao wa UPE, na si uongo kwamba elimu yao ilikuwa haba. Lakini walikuwa na sifa moja ambayo mipango iliyofuata haikuipata kwa urahisi: aghalabu waliishi miongoni mwa watu waliowafundishia watoto.

Michango ya wazazi ilirudi katika miaka ya 1980, na uandikishaji ukashuka. Ada ikafutwa tena, ukaja MMEM wa 2002 hadi 2006, kisha elimu bila ada hadi kidato cha nne kuanzia 2016. Kila mara watoto walifika kabla ya madarasa na walimu. Mwaka 2021 Serikali ilitenga fedha za mpango wa UVIKO-19 kwa madarasa 15,000, ambayo 3,000 kati yake ni ya vituo shikizi. Kituo shikizi ni tawi la shule mama, kwa watoto wadogo wasioweza kutembea mwendo mrefu au kuvuka maji kila siku.

Darasa, hata hivyo, halimlazi mwalimu. Aliyepangwa kisiwani akikosa nyumba huomba uhamisho, na hakuna wa kumlaumu. Hapo ndipo kanuni ya saba ya ushirika, kujali jamii, inapogusa mfuko wa chama. Katibu asithubutu kukata hata senti moja ya fedha za pamba kwa ajili ya nyumba ya mwalimu kabla mkutano mkuu haujaamua, na uamuzi huo uandikwe katika muhtasari. Pia chama kiafikiane kwa maandishi na serikali ya kijiji na halmashauri kuhusu mmiliki wa nyumba na atakayeitengeneza paa likivuja. Maafikiano hayo yafanyike kabla tofali la kwanza halijawekwa.