Watawala wa Usagara na hila ya utawala wa Mwingereza (Sehemu ya Pili)

Katika Sehemu ya Kwanza tulimwacha mtawala Mangungu wa Msowero, Kilosa, akiwa ametia alama yake kwenye karatasi ya mkataba ya Mjerumani Carl Peters, tarehe 29 Novemba 1884. Februari 1885 Kaisari Wilhelm I akaifunika Usagara kwa hati ya ulinzi. Sultani Barghash alipopinga, manowari za Kijerumani zilitia nanga Unguja, naye akalazimika kukubali.

Baadaye Mwingereza alichukua nafasi ya Mjerumani. Wazee wengi husimulia kwamba yeye, tofauti na Mjerumani, aliwaheshimu machifu. Mimi naona heshima hiyo ndiyo iliyowamaliza. Akida, ofisa wa Mjerumani wa kusimamia vijiji, alikuwa mtu wa kuletwa, na kila mwanakijiji alijua anamtumikia nani. Sir Donald Cameron, Gavana wa Tanganyika tangu 1925, aliwaondoa maakida, na kwa sheria ya 1926 akawapa machifu baraza, hazina na mshahara. Hazina hiyo ilipata fungu lake kutoka kodi ambayo chifu mwenyewe alitakiwa kuwadai watu wake, chini ya jicho la Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Akizembea, aliweza kuvuliwa cheo. Mtawala wa kufukuzwa kazi ana utawala gani?

Njia hiyo ya kutawala kupitia mtawala wa kienyeji Waingereza walikwisha kuijaribu India. Mwaka 1798 Nizam wa Hyderabad alibaki na kiti chake, lakini jeshi la kumlinda likawa la Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, kwa gharama ya Nizam mwenyewe. Mtawala wa Awadh naye alifungwa na mikataba ya namna hiyo, na mwaka 1856 nchi yake ikamezwa yote.

Turudi Kilosa. Ukaguru, uliokuwa ndani ya wilaya hiyo, haukuwa na mfalme mmoja. Kila ukoo, uliofuata upande wa mama, ulikuwa na ardhi yake na wazee wake. Serikali ilitaka mtu mmoja wa kumwagiza. Ikauweka juu ya wote ukoo wa Mamboya, ambao Wajerumani nao walikuwa wameuinua. Wazee wa koo nyingine walibaki na matambiko tu.

Pigo kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kupigwa. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilitangaza ardhi yote ya Tanganyika, inayokaliwa na isiyokaliwa, kuwa ya umma chini ya Gavana. Serikali huru ilifuta uchifu mwaka 1963, lakini mamlaka yale juu ya ardhi iliyarithi. Hifadhi ya Mikumi, pande hizo hizo za Kilosa, ilipotangazwa mwaka 1964, mipaka yake ilichorwa na Serikali.