Nukta Inayoelea na Kizio cha Kumi na Sita: Maelezo na Mapendekezo ya Istilahi

Miongoni mwa hati zinazowafikia wafasiri, walimu na watumishi wa umma siku hizi, zimo zile zinazoeleza kazi za ndani za kompyuta. Ugumu wa hati hizo hautokani na uchanga wa Kiswahili katika uwanja huo. Hutokana zaidi na desturi ya kumkabidhi mfasiri neno kabla ya kumkabidhi dhana. Katika makala haya tunakusudia kuchukua jambo moja dogo, nalo ni jinsi programu za kompyuta zinavyosoma namba zenye sehemu zilizoandikwa katika kizio cha kumi na sita. Tutalieleza jambo hilo hatua kwa hatua, na baada ya hapo ndipo tutakapopendekeza istilahi. Tumeufuata utaratibu huo kwa makusudi, maana tunaamini kwamba istilahi njema hutokana na kazi inayofanywa na kitu chenyewe, wala haitokani na sura ya neno la kigeni.

1. Kizio na sehemu

Kila mwalimu wa madarasa ya chini hufundisha mamoja, makumi na mamia. Kila tukipiga hatua moja kwenda kushoto, thamani ya tarakimu huongezeka mara kumi; nasi tunasema kwamba kizio chetu ni kumi. Kompyuta hutumia kizio cha mbili, na tarakimu zake ni 0 na 1 tu, ambazo huitwa biti. Kulia kwa nukta sisi tunazo sehemu za kumi, za mia na za elfu. Kompyuta inayo nusu, robo, thumni kwa maana yake ya asili, sehemu ya kumi na sita, na kuendelea hivyo hivyo.

Hapa ndipo panapoanza taabu. Theluthi haimaliziki katika kizio cha kumi: tukiiandika hupata 0.3333 bila mwisho. Vivyo hivyo sehemu moja ya kumi haimaliziki katika kizio cha mbili, kwa kuwa kumi ni tano mara mbili, na tano haipatikani kwa kuzidisha mbili kwa mbili hata tukirudia mara ngapi. Kwa hiyo mtu aandikapo 0.1 katika programu, kompyuta huhifadhi namba iliyo jirani kabisa na hiyo, ambayo katika hifadhi ya kawaida ya biti 64 huanza hivi: 0.1000000000000000055511. Ndiyo sababu lugha nyingi za programu, zikiagizwa kujumlisha 0.1 na 0.2, hutoa jibu la 0.30000000000000004.

Asije mtu akadhani kwamba hili ni jambo la mzaha wa wanahisabati. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa jeshi la Marekani ulishindwa kulizuia kombora la Scud, na askari 28 wakauawa. Saa ya mtambo huo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na sehemu moja ya kumi ilikuwa imekatwa ili iingie katika biti 24. Kasoro ya kila hesabu ilikuwa ndogo mno, takriban 0.000000095. Lakini mtambo ulikuwa umefanya kazi kwa muda wa saa 100 mfululizo, yaani hesabu 3,600,000, na kasoro ikawa imejikusanya hata kufikia takriban theluthi moja ya sekunde. Katika muda huo kombora la aina hiyo huenda zaidi ya nusu kilometa. Mtambo huo ulitumia nukta tuli, ambayo tutaieleza baadaye, lakini chanzo cha kasoro ni kile kile: sehemu ya kumi haina nafasi kamili katika kizio cha mbili.

2. Mwandiko usiopoteza kitu

Ikiwa namba ya kompyuta ni ya kizio cha mbili, mwandiko wetu wa kizio cha kumi huificha. Kuiandika kwa 0 na 1 tupu nako kunachosha macho, kwa kuwa namba moja yaweza kuwa na tarakimu zaidi ya hamsini. Kizio cha kumi na sita kimewekwa katikati ya haja hizi mbili. Kumi na sita ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara nne, 2 × 2 × 2 × 2. Basi kila tarakimu yake moja husimama mahali pa biti nne barabara, bila kubaki wala kupungua. Tarakimu zake ni 0 mpaka 9, kisha a, b, c, d, e na f, ambazo thamani zake ni kumi mpaka kumi na tano.

Tuchukue mfano huu:

0x1.8p3

Alama 0x humjulisha msomaji kwamba namba ifuatayo ni ya kizio cha kumi na sita. Tarakimu 1.8 hapa si moja na sehemu nane za kumi. Ni moja na sehemu nane za kumi na sita, yaani moja na nusu. Herufi p hutangulia kipeo, na kipeo hicho ni cha mbili: 2 kwa kipeo cha 3 ni 8. Moja na nusu mara nane ni kumi na mbili. Basi namba yetu ni 12.

Msomaji makini ataona kwamba katika mwandiko huu mfupi vimekutana vizio vitatu. Tarakimu ni za kizio cha kumi na sita, kinachopandishwa kwa kipeo ni mbili, na kipeo chenyewe kimeandikwa katika kizio cha kumi. Ataona pia kwa nini herufi e, iliyozoeleka mahali pa kipeo katika namba za kawaida, haikutumika: katika kizio hiki e ni tarakimu yenye thamani ya kumi na nne.

Sehemu moja ya kumi, jinsi inavyohifadhiwa katika biti 64, huandikwa hivi:

0x1.999999999999ap-4

Tarakimu 9 zimefuatana mara kumi na mbili, na zingeendelea bila kikomo. Lakini nafasi imekwisha, na ile a ya mwisho ni ushahidi kwamba namba imekadiriwa kwenda juu. Mwandiko wa 0.1 huuficha ukweli huo, na huu huuweka wazi. Lugha ya C iliuingiza mwandiko huu katika kanuni zake za mwaka 1999, Java mwaka 2004, C++ mwaka 2017, na Go mwaka 2019.

3. Kazi ya makro

Ziko lugha za programu ambazo sarufi yake haina mwandiko huu. Mojawapo ni Rust, ambayo toleo lake la kwanza rasmi lilitolewa mwaka 2015. Mwandishi wa programu katika lugha hiyo akiandika 0x1.8p3 peke yake, kompaila huikataa. Lakini Rust inamruhusu kuongeza makro, yaani agizo fupi ambalo kompaila hulipanua kabla ya kuendelea na kazi yake. Mwandishi huiweka namba ndani ya alama za usemi kama maneno tu, na kuikabidhi kwa makro. Kompaila ikifika hapo, huisimamisha kazi kidogo na kuiita programu ndogo ya makro. Programu hiyo huyachanganua yale maneno na kurudisha namba, na kompaila huendelea kana kwamba mwandishi alikuwa ameandika 12.0 tangu mwanzo.

Uchanganuzi huo haumtishi mtu aliyewahi kuwafundisha wanafunzi kutenga kiima na kiarifu. Kwanza hutafutwa alama ya hasi au ya chanya, kama ipo. Pili, 0x. Tatu, tarakimu zilizo kushoto na kulia kwa nukta. Nne, herufi p na kipeo chake. Baada ya hapo nukta huondolewa, na kwa kila tarakimu iliyokuwa kulia kwake kipeo hupunguzwa kwa nne, kwa kuwa kila tarakimu ni biti nne. Katika mfano wetu, 1.8 huwa 18 ya kizio cha kumi na sita, ambayo ni ishirini na nne. Kipeo 3 kikipunguzwa nne hubaki hasi 1. Na ishirini na nne ikigawanywa kwa mbili ni kumi na mbili.

Hatua ya mwisho ndiyo yenye uzito. Makro iliyotungwa vizuri huuliza: je, namba hii inaingia kamili katika biti zilizopo? Katika hifadhi ya biti 64, tarakimu zenyewe zina nafasi ya biti 53. Zikizidi, makro haikadirii kimyakimya. Hukataa, na kompaila humweleza mwandishi kosa lake kabla programu haijawahi kutumika hata mara moja. Kosa hugunduliwa mezani, wala halingoji kugunduliwa kazini.

4. Mapendekezo

Sasa tunaweza kuyatazama maneno yenyewe.

Mfasiri mwenye haraka huenda akaiita kompaila "kikusanyi", kwa kuwa neno la Kiingereza lina maana ya kukusanya. Jina hilo lilifaa mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati programu ya Grace Hopper ilipokusanya kweli vipande vya maagizo vilivyokwisha kuandikwa. Kompaila za leo hutafsiri. Kiswahili hakina sababu ya kubeba historia ya neno la watu wengine. Tunaona kompaila yatosha, nalo limezoeleka.

Namba iliyoandikwa yenyewe ndani ya programu, bila kupewa jina, baadhi ya watu wangependa kuiita "sisisi", kwa kuufuata msamiati wa tafsiri sisisi. Tunashauri neno hilo liachwe katika uwanja wake, maana hapa hakuna neno linalofasiriwa kwa neno. Lililopo ni thamani iliyowekwa wazi. Tunapendekeza namba bayana.

Nukta ya mwandiko huu isiitwe "nukta ya desimali". Desimali ni habari ya kumi, na hapa kumi haimo. Tunapendekeza nukta ya sehemu, ambayo hufaa katika kizio chochote. Pale mahali pake panapofungwa daima, iitwe nukta tuli. Na pale kipeo kinapoisogeza, iitwe nukta-elea. Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea vimeundwa, na namba za aina hii zimeundwa kweli: kila moja imechongwa ipate kuingia katika nafasi yake.

Kwa muhtasari:

kizio: idadi ambayo juu yake mfumo wa kuandika namba umejengwa
namba bayana: namba iliyoandikwa yenyewe ndani ya programu
nukta ya sehemu: alama inayotenga namba kamili na sehemu
nukta tuli: nukta isiyobadilika mahali
nukta-elea: nukta inayosogezwa na kipeo
kuchanganua: kutenga mwandiko katika viungo vyake na kutambua kazi ya kila kimoja
makro: agizo fupi linalopanuliwa na kompaila

Mwisho, tunawakumbusha wafasiri jambo moja la vitendo. Mwandiko wa namba bayana usiguswe. Anayefasiri hati na kuiandika 0x1.999999999999ap-4 kuwa 0.1 kwa nia njema ya kumrahisishia msomaji, amebadilisha thamani. Na anayeweka koma mahali pa nukta, kama ilivyo desturi ya wenzetu waliosomea hesabu kwa Kifaransa, ameandika kitu ambacho kompaila haitakisoma. Maelezo yafasiriwe, namba zibaki. Tunawaomba wasomaji wayapime mapendekezo haya madarasani na maofisini, na watuletee maoni yao.