Kikohozi Kisichopona: Si Kila Mara Kifua Kikuu

Huku kwetu Karagwe na Kyerwa mtu akikohoa muda mrefu, majirani husema mara moja: kifua kikuu. Ugonjwa huo upo, na kila anayekohoa wiki 2 au zaidi apimwe makohozi. Lakini ikiwa kipimo hakionyeshi kitu, au dawa za miezi 6 zimekwisha na mgonjwa bado anakohoa, anakonda na kutema damu, tumrudishe hospitali bila kukawia. Huenda ni saratani ya mapafu.

"Mbona mama huyu hajavuta sigara?" Sigara ndiyo chanzo kikubwa, lakini si peke yake. Mwaka 2010 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa kuni ndani ya nyumba huenda nao unaleta ugonjwa huu. Nasi tunaopika ndizi juu ya mafiga, mtoto mgongoni, moshi huo tunaujua.

Tuelewe pia kwamba saratani ya mapafu si ugonjwa mmoja. Maharage ya ungo mmoja huweza kufanana rangi, lakini ukiyapanda, mengine hutambaa na mengine husimama. Ndivyo ilivyo saratani. Picha ya kifua huonyesha uvimbe, lakini haisemi ni wa aina gani. Daktari hana budi kuchukua kinyama kidogo kikatazamwe kwa hadubini.

Siku hizi wataalamu huchunguza hata vinasaba vya uvimbe. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waligundua kwamba baadhi ya uvimbe una kasoro katika kinasaba kiitwacho EGFR, na wagonjwa hao husaidiwa sana na vidonge maalumu vya kumeza. Kasoro hiyo huonekana zaidi kwa wanawake na kwa wasiovuta sigara. Asiyekuwa nayo, vidonge hivyo havimfai kwa kiasi hicho. Yeye huhitaji upasuaji, mionzi au dawa nyingine.

Kipimo cha vinasaba hakifanyiki katika hospitali zetu za wilaya, na dawa zake ni ghali. Hata hivyo safari huanzia karibu: hospitali kama Nyakahanga, kisha rufaa ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Kabla familia haijauza shamba la migomba, mwulizeni daktari: Je, kinyama kimepimwa? Ni saratani ya aina gani? Imefika wapi? Tiba hii inafaa aina hiyo?

Tunamkumbuka yule mwanamke wa Marko sura ya 5, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga asipate nafuu. Bwana hakumkemea kwa kutafuta uponyaji. Nasi tusione haya kuuliza. Tuombe, tupime mapema, na jikoni tufungue dirisha.