Kuku wa Garissa haogopi baridi, anaogopa saa nane mchana

Ingia YouTube leo jioni utafute jinsi ya kufuga kuku nyuma ya nyumba. Video nyingi zitakazokuja ni za watu wa Marekani, Kanada na Uingereza, na wengi wao wanapigana na theluji. Utaonyeshwa jinsi ya kuziba nyufa za banda, kutandaza maranda mazito, kuwasha taa ya joto, hata kumpaka jogoo Vaseline kwenye kilemba chake chekundu ili kisigande kwa barafu. Ushauri mzuri sana, kama unaishi Minnesota.

Sasa uchukue ushauri huo uupeleke Bulla Iftin, hapa mjini Garissa, mwezi wa Februari. Banda limezibwa kila upande, mabati juu, maranda tele chini. Wiki haitaisha kabla hujabaki na mizoga, na mzoga hauliwi wala hauuzwi. Hata ushauri wa jamaa wa Limuru, ambaye Julai anafunika banda kwa turubai, ukiuleta huku utakuingiza hasara. Kwa graundi mambo ni mengine. Huku anayeua kuku wakubwa ni jua, na lina saa zake: kutoka saa sita hadi saa kumi.

Kwa nini nakupigia kelele kuhusu kuku, katika mji ambao mali ni ngamia, ng'ombe na mbuzi? Najua abti wako atacheka. Kuku kwetu ni kitu cha kando, cha watoto kukimbizana nacho uani. Lakini kumbuka tulikotoka. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Septemba 2021 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na kabla haujaisha, mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikuwa imekufa katika kaunti kame za Kenya. Kuna vijana wa rika langu ambao urithi wao wote ulilala kando ya barabara ukiwa mifupa.

Kuku hatachukua nafasi ya ngamia, tusidanganyane. Ila hahitaji malisho ya kilomita hamsini. Anakaa uani, anakula mbele ya macho yako, na ukikwama kwa doo ndogo unamuuza mmoja bila kungoja siku ya mnada. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sina cheti cha kukuonyesha. Ninachokupa hapa unaweza kukipima mwenyewe kwa kipimajoto na jerikeni.

Kuku hatoi jasho

Anza na mwili wake. Joto la kawaida la kuku ni nyuzi 41 hadi 42. Hana jasho, na amevaa koti la manyoya mwaka mzima. Hewa ikiwa ya ubaridi, joto lake hutoka lenyewe kupitia miguu, kilemba na ngozi. Lakini Garissa mchana hufika nyuzi 35, 36, siku nyingine zaidi. Hewa ikikaribia joto la mwili wake, njia hiyo inafungika. Kinachobaki ni kutweta: mdomo wazi, koo likitetemeka, akitoa joto pamoja na mvuke wa maji.

Kutweta kuna gharama yake. Kwanza anapoteza maji mengi. Pili, anapumua nje hewa ya kaboni kuliko kawaida, kemia ya damu inabadilika, na kalsiamu ya kujenga ganda la yai inapungua. Ndiyo maana mayai ya wakati wa joto huwa na ganda jembamba, na kuku wengine huacha kutaga kabisa. Kwa hivyo usikimbilie kumlaumu muuza chakula. Chungulia banda kwanza saa nane mchana.

Ukimkuta ametanua mbawa, amefumba macho na hataki kusimama, huyo yuko hatarini. Mpeleke kivulini polepole, mloweshe miguu na kilemba kwa maji ya kawaida, mpe maji ya kunywa kidogo kidogo. Usimkimbize. Shughuli za kukamata kuku, iwe ni chanjo, kuuza au kuhamisha, zifanye alfajiri au usiku.

Banda liwe na pumzi

Hapa tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jua linachomoza mashariki, linapita utosini, linazama magharibi. Basi jenga banda refu likielekea mashariki na magharibi, ili ncha zile fupi ndizo zipigwe na jua la asubuhi na la jioni. Kuta mbili ndefu, za kaskazini na kusini, ziache wazi kuanzia usawa wa goti, uweke wavu wa waya. Upepo wa kaskazi na wa kusi, ule ule wanaoutumia mabaharia wa Pwani, upite bila kubisha hodi.

Mabati peke yake ni jiko. Kama huna jingine, yapake chokaa nyeupe na uyafunike kwa makuti au mikeka ya mikoma, ambayo inaota kando ya Mto Tana. Acha nafasi juu ya ukuta ili hewa ya moto itoke. Wazee wetu walilijua hili zamani: aqal ya Kisomali ni matawi yaliyokunjwa na mikeka, na mikeka hiyo huinuliwa upepo uingie. Jengea kuku wako aqal ndogo na utaokoa pesa.

Usiwabananishe. Weka kuku wanne kwa kila mita mraba. Kuku 20 wanataka mita mraba tano, yaani banda la mita mbili kwa mbili na nusu. Panda mwarobaini kando yake, maana huku unaota haraka. Saa sita mwaga maji kidogo kwenye mchanga chini ya kivuli hicho. Utawaona wenyewe wakichimba na kulala hapo. Lakini usinyunyize maji ndani ya banda lisilo na upepo, kwa sababu hewa ikishiba mvuke, kutweta hakumsaidii tena.

Maji kwanza, chakula baadaye

Kuku wa mayai hunywa karibu robo lita kwa siku katika hali ya kawaida. Kwenye joto letu anaweza kufika nusu lita. Kuku 20 basi ni lita 10, nusu ya jerikeni la yule jamaa wa mkokoteni wa punda. Ingiza gharama hiyo kwenye hesabu kabla hujanunua kuku hata mmoja. Tena maji yakipata moto wataacha kuyanywa. Tumia mtungi wa udongo au funga gunia bichi kwenye chombo, weka kivulini, na ubadilishe maji saa sita na saa nane.

Chakula nacho kina ratiba. Kusaga chakula tumboni kunazalisha joto, na joto hilo linakuja saa kadhaa baada ya kula. Ukiwalisha saa tano, unawasha moto wa ndani wakati ule ule wa moto wa nje. Walishe kukipambazuka, ondoa chakula ifikapo saa nne, kisha uwarudishie jioni jua likipoa.

Na unaponunua mbegu, usimcheke kishingo, yule kuku asiye na manyoya shingoni. Ana manyoya pungufu kwa asilimia 20 hadi 40, na joto linamtoka kwa urahisi. Kidimu, mwenye manyoya yaliyopinda, naye ni hivyo hivyo. Sura zao ni za kuchekesha, lakini Machi ikifika utawaheshimu.

Yai linaloanza kuanguliwa mezani

Hili huwa linashangaza wengi. Yai lenye mbegu ya jogoo huanza kukuza kiinitete likipata joto la nyuzi 21 hivi kwenda juu. Mashine ya kuangua huwekwa nyuzi 37.5. Angalia sebule yako mchana: hauko mbali na mashine! Yai linaanza kukua, halipati joto sawasawa, kiinitete kinafa, na mteja anapasua yai bovu. Kama unauza mayai ya kula, huhitaji jogoo, kuku hutaga bila yeye. Kusanya mayai mara tatu kwa siku na uyaweke mahali penye ubaridi.

Baridi ipo, ila ni ya vifaranga

Hapa ndipo wale wa YouTube wana haki kidogo. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35. Mchana Garissa inampa bure. Usiku joto linashuka hadi nyuzi ishirini na kitu, na kwake hiyo ni baridi ya kuua. Vifaranga wakirundikana kona moja na kulia, wanahisi baridi. Wakikimbilia pembeni na kufungua midomo, wamezidiwa na joto. Washa taa au jiko usiku, uzime asubuhi. Ukitumia makaa, acha tundu la hewa, kwa kuwa moshi wake usioonekana unaua vifaranga na unaua mtu pia. Na kama unawaagiza kutoka Thika au Nairobi, wasafiri kwa basi la alfajiri, wafike kabla jua halijakomaa.

Mwisho, chanjo. Kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, unaweza kumaliza boma zima kwa siku chache. Chanjo nyingi huharibika kwenye joto, kwa hivyo uliza agroveti au afisa wa mifugo kuhusu ile inayostahimili joto, aina ya I-2, iliyobuniwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini. Ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu au minne. Kustahimili joto si ruhusa ya kuiacha kwenye dirisha la gari. Ibebe kwenye chombo chenye barafu.

Kama unataka kuanza, walaal, usianze na mia. Kabla ya kununua yeyote, tundika kipimajoto ndani ya banda, kwenye usawa wa kichwa cha kuku, na ukisome saa nane mchana kwa wiki nzima. Kikisoma joto kuliko kivulini chini ya mti, banda halijawa tayari. Toboa, inua, funika, kisha pima tena. Siku vipimo hivyo viwili vitakapolingana, nenda sokoni ukanunue watano.